Jumamosi tuzungumzie maneno yetu

Ndugu wanakikundi wa kusoma hadithi za kubuni za kisayansi, habari za jioni. Jumamosi saa kumi alasiri tukutane palepale ufukweni, tunapoliona Jiwe la Bismarck, hapa Mwanza. Safari hii tusome kidogo, tuongee zaidi.

Mara iliyopita mwenzetu alikatisha hadithi yake, kidole bado kwenye mstari wa daftari, akauliza: neno "roboti" limetoka wapi? Nimelifikiria wiki nzima. Lilianzia kwenye tamthilia ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki "robota", yaani kazi ya shokoa. Kaka yake Josef ndiye aliyempa wazo hilo. Na roboti wale wa kwanza hawakuwa vyuma, walikuwa viumbe wenye miili kama yetu, waliotengenezwa kiwandani ili watumikishwe. Kumbe tangu mwanzo tunasoma habari za utumwa!

Halafu kuna afrofuturizimu, yaani hadithi za kesho za watu weusi, hasa wa Marekani, na afrikanfuturizimu. Tusivichanganye. Hili la pili alilifafanua mwandishi Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, mwaka 2019: hadithi za kesho zenye mizizi Afrika yenyewe, Magharibi isiwe kitovu. Hadithi ikiwa na mvuvi wa hapa Mwaloni mwenye mtumbwi unaojiongoza usiku, kwangu mimi, imo humo.

Neno "bunilizi ya kisayansi", yaani hadithi zetu hizi, nalipenda, ila "spoila", yaani kumfichulia mtu mwisho wa hadithi kabla hajaisoma, bado tunaliazima. Mimi napendekeza "kumwaga mtama", maana penye kuku wengi haumwagwi. Mnaonaje? Kila mmoja aje na neno lake moja, ameliandika. Wa Ilemela, panda daladala mapema, jioni kuna foleni.