Pini iliyosahauliwa si hitilafu ya kimitambo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze lililotukuta sisi abiria wa ndege ya kwanza ya asubuhi kutoka uwanja wa Moi hapa Mombasa kwenda Nairobi. Nia yangu si kulichafua shirika lililotubeba, ndiyo maana silitaji, bali ni kupinga maelezo tuliyopewa, kwa kuwa hayakuwa ya kweli.

Ilikuwa ndege ya mapangaboi mawili, ile ambayo bawa lake hukaa juu ya dirisha na magurudumu yake hujikunja yakaingia chini ya injini. Nilikuwa nimekaa dirishani. Tulipopaa nilingoja magurudumu yaingie kama ilivyo kawaida, lakini yalibaki yakining'inia, na kwenye mguu wa gurudumu la upande wangu niliona utepe mwekundu ukipigwa na upepo kwa nguvu, ule utepe unaofungwa kwenye pini ya usalama makusudi ili kila mtu aione. Nilimwita mhudumu nikamwonyesha. Alichungulia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee wangu, tulia, rubani ameshajua." Punde tukatangaziwa kwamba pana hitilafu ndogo ya kimitambo na kwamba tunarudi Mombasa. Tulitua salama, alhamdulillahi. Nilipokuwa nikishuka ngazi nilimwona fundi akitoka chini ya bawa na utepe ule ule mkononi, na haukupita muda mrefu ndege hiyo hiyo ikatupeleka Nairobi bila kitu chochote kutengenezwa.

Pini hiyo huchomekwa ndege inapovutwa au inapolazwa, ili mguu wa gurudumu usije ukakunjika ikiwa chini. Kabla ya safari huchomolewa, huonyeshwa marubani, na huwekwa mahali pake ndani ya ndege. Isitoshe, rubani mmoja huizunguka ndege kwa miguu akiikagua. Kwa hiyo mtambo wetu haukuwa na hitilafu hata moja. Uliitii pini. Kilichokosekana ni jicho la mtu, na hilo ndilo tulilofichwa.

Nazungumza kama mtu aliyefanya kazi miaka 27 katika vyumba vya mitambo vya vyombo vinavyovuta meli bandarini Kilindini. Katika mwaka wangu wa pili niliwasha injini hali vali ya maji ya bahari ya kuipozea ilikuwa imefungwa, nami ndiye niliyeifunga usiku uliotangulia. Injini ilichemka tukiwa bado gatini. Nilitaka kuandika katika daftari kwamba pampu imesumbua, lakini mkuu wangu, Mungu amrehemu, alinirudishia kalamu akasema, "Andika vali ilisahauliwa, mwanangu. Ukiandika pampu, kesho watabadilisha pampu." Wiki hiyo hiyo alichonga kibao chekundu kikawa kinatundikwa kwenye mkono wa kuwashia injini kila vali inapofungwa, na sikusikia tena kosa lile likirudiwa katika chombo kile.

Wanaodhani naikuza pini moja na wakumbuke ndege ya Helios Airways iliyoondoka Larnaca, Kupro, kuelekea Athens tarehe 14 Agosti 2005. Mafundi waliokuwa wakipima kama mlango unavuja hewa waliiacha swichi ya kudhibiti hewa ya ndani mahali pasipo pake, na marubani wakaipita mara tatu katika ukaguzi wao bila kuitambua. Ndege ilipozidi kupanda king'ora kililia. Wao wakadhani ni kile cha onyo jingine, kwa kuwa sauti ilikuwa moja, na hewa ikawaishia wakiwa bado wanatafuta kosa. Watu wote 121 walikufa. Wachunguzi hawakuishia kusema "hitilafu": walieleza swichi ilikuwa wapi, iliachwaje, na kwa nini sauti ile iliwachanganya marubani, na baadaye mamlaka ya anga ya Marekani ikaagiza ndege za Boeing 737 za aina hiyo ziongezewe taa za onyo. Hata orodha ya ukaguzi yenyewe chanzo chake ni sahau, kwani mwaka 1935 ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka huko Marekani baada ya kuruka hali kufuli ya usukani haijafunguliwa.

Sitaki rubani yeyote afukuzwe, wala yule fundi. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege zinasema wazi kwamba lengo ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa, na mtu anayejua atafukuzwa atasema pampu, hatasema vali. Ninachotaka kujua ni iwapo asubuhi ile waliohusika walipewa muda wa kutosha, nani alipaswa kuzihesabu pini, na iwapo rubani aliyekuwa kitini alionyeshwa pini hizo au aliambiwa tu.

Nimeshaliandikia shirika hilo mara mbili, na majibu yote mawili yamerudia maneno yale yale ya hitilafu ndogo ya kimitambo. Naliomba tena, kupitia gazeti lako, litutumie abiria wa safari ile maelezo mafupi: kwamba pini ilisahauliwa, na kwamba tangu siku hiyo hiki na hiki kimebadilishwa.

Abiria na fundi mstaafu wa mitambo,
Changamwe, Mombasa