Kazi ya nguo haibandikwi kwa gundi

Mwezi uliopita mama mmoja alituletea karakanani kwetu, tunakotia kazi za nguo kwenye fremu, kanga iliyodariziwa, imebandikwa juu ya plaiwudi. Aliinunua kwa msanii miaka minne iliyopita, akaipeleka kwa fundi wa fremu, naye fundi akafanya kama alivyozoea kufanya kwa picha za karatasi: akapaka gundi nyeupe ubao mzima, akailaza kanga, akaikandamiza kwa kiganja. Masika yakaja, yakapita, yakaja tena. Gundi ikapanda juu na kuacha mabaka ya kahawia kwenye mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, na herufi za jina, "Wema hauozi", zikavutika upande mmoja. Mama aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, itatoka?"

Ilitoka nusu. Gundi ya maseremala ikishazama ndani ya pamba na kukauka, ukiivuta inakuja na nyuzi. Tulikaa nayo siku tatu, tukaokoa pindo na sehemu kubwa ya udarizi. Mabaka yamebaki, na tulimwambia hivyo kabla hatujaigusa. Ndiyo maana tunaandika haya, kwa sababu kazi za nguo zinanunuliwa sana siku hizi na nyingi zinafika kwetu zikiwa zimeshaharibika.

Shida ni kwamba pamba haitulii. Mombasa hewa ikijaa unyevu, kitambaa hunyonya na kulegea. Ukiwasha kiyoyozi, husinyaa. Ubao nao una mwendo wake. Ukivigandisha pamoja, kimoja lazima kimuumize mwenzake, na anayeumia ni nguo. Tena plaiwudi hutoa asidi polepole, ambayo huigeuza pamba kuwa ya manjano na kuidhoofisha.

Sisi tunashona. Tunanunua marekani isiyopaushwa, ile ile iliyopata jina lake Zanzibar karne ya 19 ilipokuwa ikiletwa na meli za wafanyabiashara wa Marekani. Tunaifua mara mbili kwa maji ya moto mpaka wanga wote utoke, maana wanga ni chakula cha wadudu. Tunaitandaza kwenye fremu ya mbao, halafu kazi ya msanii inalazwa juu yake na kushikizwa kwa uzi mwembamba wa pamba na sindano iliyopinda. Sindano inapita katikati ya nyuzi bila kuzitoboa, kila mshono ukiwa mbali na mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Kanga moja huchukua siku mbili. Uzuri wake ni kwamba miaka ishirini ijayo mtu akitaka kuitoa, anakata uzi tu na kanga inatoka kama ilivyoingia.

Ukitaka kioo, hatukiruhusu kiguse nguo. Pembeni tunaweka vijiti vyembamba vya kuacha nafasi, kwa sababu unyevu ukinaswa kati ya kioo na kitambaa, ukungu huota hapo hapo.

Lakini si kila kazi inataka fremu, na hapa wateja wetu wengi hushangaa. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi zake Nsukka, Nigeria, huunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa kwa nyaya za shaba mpaka vinakuwa kama shuka kubwa la chuma, na huwaachia wanaolitundika waamue mikunjo iangukie wapi. Shuka la namna hiyo ukilibana kwenye fremu, umeliua. Sanaa Gateja wa Uganda, aliyekuwa miongoni mwa wasanii wa banda la nchi yake kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2024, hushona shanga za karatasi juu ya nguo ya gome la mti wa mutuba, ile ambayo Baganda huitengeneza kwa kuponda gome kwa nyundo za mbao. Kazi yenye shanga nyingi ina uzito, na uzito huo huvuta kuelekea chini mchana na usiku. Ukiitundika kwa misumari miwili ya kona, kona zitachanika. Kwa kazi kama hizo tunashona mfuko mrefu wa marekani upande wa nyuma, juu, tunapitisha fimbo, na uzito unagawanyika sawasawa.

Kwa hiyo kabla ya kuileta kwetu, mpigie msanii simu. Muulize aliiona vipi ukutani alipokuwa akiishona. Tunao wasanii tunaofanya nao kazi hapa mjini, wengi wao akina mama wanaodarizi usiku watoto wakishalala, wakiunga vipande vya kanga za bibi zao na picha za zamani zilizochapwa kwenye kitambaa. Mmoja wao aliacha nyuzi makusudi zikining'inia chini. Fundi mwingine alizikata akidhani anasafisha. Yule dada alilia karakanani kwetu, na hatukuwa na la kumrudishia.

Nyumbani kwako, iepushe na dirisha. Makumbusho mengi hayazidishi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa vitambaa, mwanga hafifu kuliko wa sebule nyingi, maana rangi ikishapauka hairudi. Kama ukuta ni wa nje na unatoa jasho wakati wa mvua, tukubandikie vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, nyuma ya fremu ili hewa ipite. Udi na ubani choma chumba kingine. Moshi wake una mafuta, na mafuta hukaa kwenye nyuzi. Dawa ya mbu usiipulizie karibu. Na tafadhali usiifue, hata kama ni kanga na kanga zote za nyumbani unazifua. Rangi ikichuja juu ya udarizi hatuna namna.

Bei hutegemea ukubwa na uzito, nasi hatutaji mpaka tumeiona nyuma, kwani huko ndiko tatizo hujificha. Ukija, iviringishe kwenye shuka safi ya pamba, uso ukiwa nje. Usiikunje, wala usiitie kwenye mfuko wa plastiki.