Wapiga picha wa harusi, tuulizane chaneli kabla maharusi hawajaingia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wapiga picha wenzangu pamoja na wanakamati wa harusi, maana hili jambo la flashi zetu kuingiliana ukumbini limeniuma na najua sio mimi peke yangu limenikuta.

Mwezi uliopita nilikuwa kazini kwenye harusi moja hapa Dar, nimeitwa na upande wa bibi harusi, nimefunga flashi zangu mbili kwenye stendi, moja kushoto kwa meza kuu na nyingine kulia, zote zina miavuli, zinawashwa na triga ya redio iliyokaa juu ya kamera. Nilizijaribu kabla wageni hawajakaa, kila kitu safi. Maharusi wakaingia na muziki wao, mara naona flashi zangu zinalipuka zenyewe, sijabonyeza kitu, nikadhani triga imekufa, nikaizima nikaiwasha, bado. Nikaendelea hivyo hivyo maana shughuli haimsubiri mtu. Ikafika keki. Bibi harusi kapiga magoti mbele ya mama yake, kipande cha keki kiko kwenye kijiti, mkono wa kushoto kauweka chini ya kidevu cha mama ili makombo yasidondokee kwenye nguo, mama kafumba macho na machozi yanamtoka, mi niko hapo hapo hatua mbili tu, nikabonyeza. Picha ikatoka nyeusi. Nyeusi kabisa, kinachoonekana ni taa ya zambarau ya didjei kwenye shela tu. Nikabonyeza tena, hola, flashi bado zinajaza chaji, ya tatu ndo ikakubali lakini mama keshafungua macho anatafuta leso.

Kumbe upande wa bwana harusi nao walileta mpiga picha wao, kijana mdogo tu, mstaarabu, ana triga kama yangu. Wakati wa chakula nikamfuata nikamuuliza mdogo wangu, triga yako iko chaneli ngapi, akaniangalia akasema "chaneli ipi tena kaka, mi nilivyoinunua ndo hivyo hivyo." Nikatazama kioo chake, chaneli 1, ID (ile namba ya pili ya kutenganisha vifaa) imezimwa. Nikatazama changu, chaneli 1, ID imezimwa. Yaani kila akibonyeza yeye anazilipua flashi zangu na kunimalizia chaji, na mwanga wangu unamwingilia kwenye picha zake, alinionyesha kadhaa zimeungua, sura ya bwana harusi nyeupe tupu hata pua haionekani. Kosa sio la kifaa, ni letu sisi wawili, na mi ndo mkubwa kwenye kazi nilitakiwa kujua.

Kwa wasiojua, triga ni redio ndogo. Nyingi za sasa zinatumia mawimbi ya 2.4 GHz, yale yale ya waifai na bluutuu, ukibonyeza kamera inarusha amri na flashi yoyote ya mfumo ule ule iliyopo chaneli ile inatii, haiulizi nani katuma. Flashi ya betri ndogo za AA ikilipuka kwa nguvu zote inahitaji sekunde mbili tatu kujaza tena, sasa jirani akikulipulia sekunde moja kabla yako wewe unabaki na giza. Dawa yake ipo ndani ya kifaa chenyewe, mfumo wa kampuni ya flashi ya Godox kwa mfano una chaneli 32 na juu yake ID kuanzia 1 mpaka 99, ukizidisha unapata njia zaidi ya 3,000 za kupishana, halafu watu watatu ukumbi mmoja wote wamebanana chaneli 1! Ukibadilisha tu hakikisha triga na kila flashi zina namba zile zile, ukisahau moja utahangaika nayo usiku kucha.

Na yale mambo ya kuiweka flashi kwenye hali ya jicho, ile inayowaka ikiona mwanga wa flashi nyingine, hiyo tuiache studio ambako uko peke yako. Ukumbini kila mwenye flashi atakuwashia.

Kuna wanaosema mbona unajitesa, si uweke flashi juu ya kamera upige umalize. Hapana, na hapa ndo roho yangu ilipo. Mwanga ukitoka moja kwa moja mbele, ngozi yetu nyeusi inakosa haki yake, paji la uso linang'aa kama limemwagiwa mafuta, mashavu yanakuwa bapa, nyuma ukutani kuna kivuli kigumu. Hamisha flashi pembeni, iinue juu kidogo ya kichwa, ipitishe kwenye mwavuli, utaona ngozi inavyotoa rangi yake, ile kahawia yenye wekundu ndani, na mfupa wa shavu unachorwa wenyewe. Wengi wanapiga vibaya kisha wanakwenda kumchubua bibi harusi wa watu kwenye kompyuta mpaka hafanani na dada zake. Mi hilo silikubali. Mwanga ukiwekwa sawa huna haja ya kumbadilisha mtu rangi.

Ila mwanga wa pembeni unataka adabu zake. Ukisogeza flashi kutoka mita 2 hadi mita 4 mwanga unaomfikia mtu unabaki robo, sio nusu, kwa hiyo stendi ikisukumwa na watu wanaocheza picha zako zote zinabadilika. Miili ya watu nayo inanyonya mawimbi ya redio, watu wakijaa katikati flashi zinaanza kuruka ruka, mara ziwake mara zigome, ndo maana mi nainua kichwa cha flashi juu ya vichwa vya watu, na miguu ya stendi naifunga dumu la maji la lita tano, watoto wanakimbia sana kule mbele. Halafu mnaoletewa vifaa na ndugu walioko nje muulize kwanza, triga za PocketWizard za Marekani ziko kwenye 344 MHz na za Ulaya kwenye 433 MHz, ukichanganya ya huku na ya kule hazisikilizani hata uzibandike pamoja.

Wanakamati nanyi nawaomba kitu kimoja, mkialika wapiga picha wawili au watatu tuambieni mapema na mtupe namba za simu za wenzetu tupigiane, sio tunakutana mlangoni kila mtu anamwangalia mwenzie kama mwizi wa riziki yake.

Jumamosi iliyopita tulikuwa watatu kwenye ukumbi mmoja, wawili wa picha na mmoja wa video anayepiga pia picha za mnato. Tulikutana saa kumi kabla watu hawajafika, nikatoa tepu nyeupe ya karatasi, kila mtu akabandika kipande mgongoni mwa triga yake akaandika chaneli yake kwa kalamu, 5, 14, 22. Mwanga wa mtu haukumlipukia mwenzie mpaka maharusi wanaondoka saa sita usiku.

Mpiga picha wa harusi,
Tabata, Dar es Salaam