Malalamiko: Motomoto mliyoniuzia kwa jina la nyasi za mapambo

Kwa Meneja,

Salaam aleikum.

"Nyasi ni nyasi, mama. Zikikushinda, lete mbuzi." Hayo ndiyo majibu niliyopewa kwenye kaunta yenu hapa Malindi, mbele ya wateja, risiti yenu mkononi mwangu.

Nililipia nyasi za mashuke ya zambarau, zile ziotazo kwa mafungu na kutulia pale zilipopandwa, za kuzunguka baraza yangu huku Shela. Kilichoota ni motomoto. Mkulima yeyote wa Sabaki anaijua: mizizi myeupe yenye ncha kama sindano, hutambaa chini kwa chini, na kipande kikisalia udongoni huchipuka tena. Imeshapita chini ya ukingo wa matofali, imeingia kwenye asmini zangu. Mashuke yenyewe meupe. Hiyo zambarau iko wapi?

Na vijana wenu walipanda kaskazi imeshika, bila kungoja masika. Nilipouliza habari ya maji wakasema ya kisima yatatosha, ilhali siku ya kuagiza niliwaeleza kisima changu kina chumvi. Ajabu, hazikufa. Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Narudia ya kaunta, maana sidhani mmeelezwa vilivyo. Nilimsalimu yule kijana, sikupandisha sauti. Nikafungua gazeti nililofungia bonge la mizizi. Hakulitazama. Alilisukuma kwa ncha ya kalamu, mchanga ukanimwagikia kwenye buibui, ndipo akasema nilete mbuzi. Wabeba mifuko wakacheka. Mimi nina wajukuu wa rika lake! Na hata mbuzi haitaki motomoto iliyokomaa. Muuza mimea angelijua hilo.

Nataka pesa zangu zote, na motomoto ichimbuliwe kwa jembe mpaka mzizi wa mwisho, si kufyekwa juu juu. Asmini pia mtazilipa. Na kijana huyo aje mwenyewe kuniomba radhi, pamoja na hao waliocheka. Nilikuwa nimeandika nawapa mwezi mmoja, nimefuta. Nawapa wiki mbili. Zikipita, tutaonana mahakamani kwa Kifungu cha 46 cha Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012, na lile bonge la mizizi nitakwenda nalo.

Nakala ya risiti na picha zimo ndani ya bahasha.

Mteja wenu, kwa sasa,
Shela, Malindi