Barua kwa Salim kuhusu mchawi na kiwanda chake cha chuma

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi. Barua nimeipata: unalalamika kwamba mchezaji mmoja katika mchezo wa mezani unaouendesha ana mhusika mchawi anayeumba chuma kwa uchawi na kukiuza. Kiwanda hicho kimenichekesha. Usimlaumu; kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wenu huo wa kuigiza wahusika, toleo la 3.5, zinamruhusu kabisa. Piga hesabu mwenyewe. Akiwa levo ya 12, uchawi uitwao Ukuta wa Chuma unampa miraba 12 ya futi tano kwa tano, unene inchi tatu. Hizo ni futi za ujazo 75, karibu ratili 36,800, na chuma huuzwa sarafu moja ya fedha kwa ratili. Anateketeza unga wa dhahabu wa thamani ya sarafu 50 za dhahabu, anavuna dhahabu 3,680 kabla ya chai ya saa nne.

Na huo ni mtaji mdogo. Subiri agundue kumfunga afriti. Kiumbe huyo ana dadu 10 za uhai (kipimo cha nguvu zake), na uchawi wa kumnasa unaruhusu hadi 12. Hutimiza matakwa matatu kwa siku, kila moja likileta kitu kisicho cha kichawi cha hadi dhahabu 25,000. Jumla 75,000, wakati jedwali la mali linampangia mhusika wa levo ya 12 dhahabu 88,000 za tangu aanze safari.

Pathfinder, mchezo wa 2009 uliojengwa juu ya kanuni hizohizo, ilikataza kuuza chuma cha ukuta huo. Sawa, ila ni kuziba tundu moja la chekeche. Hata asiyejua uchawi ana lake: ngazi ya futi kumi ni shaba 5, lakini mti wa urefu huohuo ni fedha 2. Ng'oa vipandio, uza miti miwili kwa nusu bei, umepata shaba 20.

Ndiyo maana nakwambia usishindane na mifereji ya kuingizia pesa. Shika mlango wa kutokea, pale sarafu zinapogeuka nguvu, yaani duka la vitu vya kichawi. Bei ya upanga hupatikana hivi: chukua nyongeza yake (namba ambayo uchawi wake humwongezea mpiganaji), izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 2,000. +1 ni 2,000, +3 ni 18,000, +5 ni 50,000. Afriti mmoja, siku moja, upanga wa +5 na chenji juu.

Kanuni ya ukubwa wa miji husaidia mwanzoni. Kijiji cha watu 500 hakiuzi kitu cha zaidi ya dhahabu 200, na pesa taslimu yake yote ni nusu ya 200 mara sehemu ya kumi ya watu: 100 mara 50, yaani 5,000. Ukuta wa kwanza unanunuliwa, wa pili unaota kutu uwanjani. Lakini mchawi wa levo ya 9 tayari anajihamisha kufumba na kufumbua hadi jiji kuu, ambako kikomo ni 100,000. Usiitegemee kanuni hiyo.

Ondoa nyongeza dukani. Za silaha, deraya na joho la kinga wape wahusika wenyewe kadiri wanavyopanda levo, halafu punguza kwa nusu hazina wanazozipata safarini. Kitu chenye uwezo wa pekee, kama zulia la kuruka, kisipatikane kwa sarafu: kibadilishwe kwa kitu cha kichawi au kwa kazi. Sarafu zinunue merikebu ya 10,000, ngome ya 500,000, zilipe askari. Akitaka kufurisha soko kwa chuma, afurishe. Wafua chuma wana chama, na chama kina ndugu ikulu.

Ukikata pesa bila kutoa nyongeza, wa kwanza kuumia ni mpiganaji. Zimwi linalopunguza dhara la silaha ya kawaida kwa 10 humzuia yeye. Mchawi asiyetumia silaha hata hakioni kizuizi hicho. Wezi wa usiku wa kuwaibia sarafu pia usiwatume, maana kila kikao kitaishia kwenye kufuli na mitego. Na fundi wa vitu vya kichawi aendelee kulipa alama moja ya uzoefu (zile za kupandia levo) kwa kila dhahabu 25 za bei. Hiyo ndiyo breki yake.

Waambie kabla ya kikao, si katikati ya mchezo. Upanga ambao mpiganaji ameshanunua mwachie, ila nyongeza yake na ile uliyompa wewe zisijumlishwe; achukue iliyo kubwa. Nitumie karatasi za wahusika wote nikupangie nani apewe nini.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Idi