Malalamiko kuhusu ukarabati wa ndani wa gari-nyumba

Moshi,
14 Julai 2025.

Meneja,
Karakana ya Bodi na Rangi za Magari,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI YA NDANI YA GARI-NYUMBA, MERCEDES-BENZ 310 D

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Mei mlipokea gari langu kwa ajili ya kulirudishia sura ya ndani: makabati, kuta, dari, sakafu, viti na kile choo kidogo cha nyuma. Ni gari la mwaka 1992 lililotoka Ujerumani, na ninalikodisha kwa wageni wanaopenda kujiendesha na kulala njiani. Injini haina neno. Kilichochoka ni ndani tu, na hilo ndilo lililonileta kwenu. Profoma yenu, yaani makadirio ya bei, ya shilingi 3,850,000 niliikubali bila kuomba punguzo, kwa sababu ilitaja hatua zote: kufungua milango ya makabati na vitasa, kuosha mafuta, kupiga msasa, prima (rangi ya msingi) ya kushika kwenye plastiki, kisha rangi mikono miwili, yaani tabaka mbili. Mafundi wengine niliowauliza walinitajia rangi tu. Niliwachagua nyinyi kwa ajili ya maandalizi, na maandalizi ndiyo ambayo hayakufanyika.

Kabla ya rangi, naomba msome hili la gesi.

Chini ya kabati la jiko kuna tundu la hewa lenye wavu, na jingine lipo sakafuni karibu na mlango. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatuama chini, na matundu hayo yamewekwa ili ipate pa kutokea. Mafundi wenu walitandika kapeti jipya la plastiki juu ya yote mawili, wakaligandisha kwa gundi, na pembeni wakapiga silikoni. Kwa macho ni kazi safi sana. Niligundua nilipopiga magoti kufuta maji yaliyomwagika, nikapapasa mahali pa wavu nisiuone. Wakati huo wageni walikuwa wameshalala humo, wamefunga madirisha kwa sababu ya mbu, na asubuhi wamechemsha chai. Hakuna lililotokea, lakini sitaki jibu lenu lianzie hapo. Kapeti nimelikata mwenyewe kwa kisu sehemu zote mbili. Picha nimeambatanisha.

Sasa makabati. Makabati ya magari haya si mbao tupu. Ni plaiwudi nyepesi iliyovikwa karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao. Rangi hainyweki humo, inakaa juu juu. Itashika tu kama mafuta ya mapishi ya miaka yote hiyo yameondolewa, mng'ao umekwaruzwa kwa msasa laini, na prima imepakwa na kuachwa ikauke sawasawa. Niliingiza ukucha kwenye ukingo wa droo ya vijiko, rangi ikanyanyuka yote kama utando wa maziwa yaliyopoa. Chini yake picha ya mbao inang'aa vilevile, haina mchubuko hata mmoja wa msasa, na kidole nilichopitisha kilitoka na mafuta. Prima sikuiona. Vitasa na bawaba havikufunguliwa kabisa: vimepakwa rangi vikiwa palepale, na vichwa vya skrubu vimejaa rangi hadi bisibisi haishiki. Hapo hahitajiki mtaalamu wa kunieleza kama milango ilitolewa au haikutolewa.

Dari nalo ni hivyohivyo. Sponji ya nyuma ya kitambaa cha zamani ilikuwa imeoza na kuwa unga, na nilimwonyesha msimamizi wenu siku ya ukaguzi. Tulishika pamoja, akajifuta mkono kwenye ovaroli. Unga ule hukwanguliwa wote mpaka ubao uonekane, ndipo gundi inayostahimili joto ipakwe pande zote mbili. Kitambaa kipya kimebandikwa juu ya unga. Safari ya kwanza gari lilielekea Lushoto, na kabla ya kuanza kupanda milima likapita Same na Mombo, joto lile mnalijua. Wageni walipotaka kulala walikuta dari limeshuka kitandani. Wakaliegemeza kwa nguzo ya hema, na fedha ya usiku ule nikawarudishia.

Kuna pia dirisha la jikoni. Madirisha haya si kioo, ni akriliki, na akriliki haipatani na thina. Mtu alimwaga rangi, akaifuta kwa kitambaa chenye thina, na sasa pana ukungu na nyufa nyembamba zisizofutika, upana wa kiganja. Dirisha hilo sijalipata Arusha wala Dar es Salaam.

Nisiwaonee: viti vimeshonwa vizuri. Reksini imevutwa vyema, pembe zimekaa, na fundi aliyezifanya apewe salamu zangu. Shilingi 900,000 za viti sizidai.

Nilipopiga simu, msimamizi alinijibu, "Mama, gari la zamani ndivyo lilivyo." Jibu hilo silikubali. Uzee wa gari mliuona, mkaupigia hesabu, mkaniandikia bei yake. Gari lingekuwa jipya nisingekuwa na haja ya fundi wa rangi. Tena uzee ndio unaodai maandalizi zaidi, maana plastiki iliyokomaa na kulowa mafuta haisamehe njia yoyote ya mkato.

Ninachoomba ni hiki. Rangi ya makabati na kuta ikwanguliwe na kazi irudiwe kwa gharama zenu, kwa hatua zilezile zilizoandikwa kwenye profoma, nami nije kuona baada ya msasa na tena baada ya prima kabla hamjaendelea. Dari livuliwe lote. Sakafu ikamilishwe kwa kuacha matundu ya gesi wazi na nyavu zake zikiwa juu ya kapeti, na mnithibitishie kwa maandishi kwamba hakuna tundu jingine lililozibwa, likiwemo la nyuma ya friji ambako mimi siwezi kufika bila kuitoa. Dirisha mlilipe au mliagize. Kama hamna nafasi ya kurudia kazi, nirudishieni shilingi 2,950,000 pamoja na gharama ya dirisha, nitafute pengine.

Nimeambatanisha nakala ya profoma, risiti ya EFD na picha. Nasubiri siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu nitawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa sasa gari nimelisimamisha, halikodishwi, na wageni wa Agosti nimeanza kuwaambia watafute usafiri mwingine. Naomba jibu kwa maandishi, si kwa simu.

Wako mteja,

(Sahihi)
Mmiliki wa gari