Karatasi kwanza, darasa baadaye

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi huko Nakuru, na hongera kwa kupata viza ya J-1, ile ya Marekani ya programu za kubadilishana, ukafundishe huko. Umeuliza ubebe nini. Nguo zipo Marekani, wewe beba karatasi na pesa. Fomu ya DS-2019, yaani hati ya udhamini wa J-1, isiingie kwenye begi la kupakiwa. Iwe mkononi pamoja na pasipoti na barua ya kazi.

Ukishatua, ingia kwenye tovuti ya idara ya forodha na mipaka, uchapishe I-94, yaani rekodi yako ya kuingia nchini, na kuisoma herufi kwa herufi. Majina yetu matatu huwachanganya maafisa, na I-94 isipolingana na pasipoti, ofisi inayotoa SSN, yaani namba ya Hifadhi ya Jamii, itakurudisha. Kosa hilo hurekebishwa na idara hiyo hiyo ya forodha, si shuleni kwako. Kisha litumie shirika linalokudhamini anwani unayoishi, lithibitishe kuwasili kwako katika SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wageni wenye viza kama yako. Hapa ndipo wengi hukwama: mtu anakimbilia SSN siku ya tatu, mfumo haumwoni, na ombi linakaa wiki kadhaa likihakikiwa. Subiri siku 10 tangu uingie nchini. Kadi ya SSN huja kwa posta, kwa hiyo bandika jina lako kwenye sanduku la barua la nyumba, la sivyo mtu wa posta anaweza kuirudisha. Kazi unaweza kuanza kabla namba haijatoka. Mweleze hivyo mhasibu wa mishahara kwa upole, maana si wote wanaojua.

Sasa pesa. Ukianza Agosti, mshahara wa kwanza unaweza kufika mwisho wa Septemba. Kwa hiyo njoo na kodi ya nyumba ya miezi 2, dipoziti, chakula na nauli. Mwenye nyumba atataka historia yako ya mikopo, nawe huna. Mpe barua ya kazi inayoonyesha mshahara, na usishangae akiomba dipoziti kubwa zaidi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, mshahara wa miezi 10 ugawanywe mara 12, ili likizo ya Juni na Julai isikukute mikono mitupu.

Hati ya kwanza ya mshahara ikague. Kama hujawahi kukaa Marekani kwa viza ya F (ya wanafunzi) au J, hupaswi kukatwa kodi ya Hifadhi ya Jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), jumla asilimia 7.65, kwa miaka 2 ya kwanza. Miaka hiyo ni ya kalenda: ukiingia Agosti, miezi yako 5 inahesabiwa mwaka mzima. Programu za mishahara hukata kila mtu bila kuuliza, basi dai mapema kwa mwajiri. Kuifuata hela hiyo kwa mamlaka ya kodi kwa fomu ya 843 ni safari ndefu.

Bima ya shule mara nyingi haigusi gharama za kumsafirisha mgonjwa au maiti hadi nyumbani, na J-1 inadai zote mbili. Nunua ya nyongeza.

Darasani, mwalimu ndiye anayekaa, wanafunzi ndio wanaohama kengele ikilia. Wiki mbili za mwanzo fundisha taratibu kuliko somo: wanaingiaje, wanaombaje kwenda msalani, simu zinawekwa wapi. Inaonekana kupoteza muda, lakini asiyefanya hivyo hupigania utulivu hadi Krismasi. Alama usizisome kwa sauti wala kubandika orodha ya nafasi ukutani kama tulivyozoea, kwa kuwa FERPA, sheria ya 1974 ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi, inazilinda. Tena waulize walimu wa elimu maalumu, kabla ya mtihani wowote, nani wana IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mwenye mahitaji maalumu. Ikiandikwa kwamba mtoto apewe muda mara moja na nusu, hilo si ombi. Ni sheria ya shirikisho, na ukimnyima, wazazi wana haki ya kulalamika rasmi. Ukishuku mtoto anaumizwa nyumbani, ripoti mwenyewe kwa mamlaka ya jimbo. Kumwambia mkuu wa shule pekee mara nyingi hakutoshi kisheria.

Ukipanga kurudi Kenya kwa likizo ya Desemba, omba mdhamini atie saini ya safari kwenye DS-2019 mnamo Oktoba. Saini hiyo haizidi mwaka mmoja.

Niandikie ukishajua jimbo, nikutazamie masharti yao ya leseni ya udereva.

Wako,
Mwalimu mwenzako